Kugeuza namba kamili kuwa baiti na kuziandika kwenye faili kwa Common Lisp

Gunia la dagaa lenye uzito wa kilo 70 lilipimwa asubuhi katika mwalo mmoja (kituo cha kushushia samaki) wa hapa ziwani, na jioni, niliposoma faili la siku hiyo, programu yangu ikaniambia kwamba gunia lile lina kilo 4 na gramu 464. Mizani haikuwa na kosa, wala karani aliyeingiza namba hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mstari mmoja wa Lisp, lugha ya kuandikia programu, nilioandika mimi, ambao ulichukua gramu 70000 na kuziweka katika baiti mbili bila kuuliza kama zinaenea. Baiti mbili hubeba namba kuanzia 0 hadi 65535. Kilichozidi kilikatwa kimya kimya, na 70000 ukitoa 65536 zinabaki 4464. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuhifadhi namba katika faili la baiti kwa Common Lisp bila kumpotezea mtu gunia lake.

Katika Common Lisp namba kamili haina upana. Unaweza kuandika `(expt 2 200)` na ukajibiwa tarakimu zote, kwa kuwa lugha yenyewe hutafuta nafasi ya kumbukumbu kadiri namba inavyokua. Hiyo ni neema kubwa wakati wa kukokotoa, lakini ndiyo pia inayomfanya mtu aliyezoea Lisp achelewe kukutana na swali ambalo mwandishi wa lugha ya C hulijibu tangu mwanzo: namba hii itakaa katika baiti ngapi? Faili halijui namba. Faili ni mfululizo wa baiti, kila moja ikiwa na thamani kati ya 0 na 255, basi. Kwa hiyo kabla namba haijatoka kwenye programu kwenda kwenye faili, ni lazima uwe umeamua upana wake, umeamua baiti ipi itangulie, na umeamua kama namba hiyo inaweza kuwa hasi. Usipoamua wewe, mambo hayo yataamuliwa bila wewe.

Mifano iliyomo humu imeandikwa kwa ajili ya SBCL, mojawapo ya programu zinazoendesha Common Lisp, lakini karibu yote imo ndani ya kiwango cha ANSI cha mwaka 1994, kwa hiyo CCL, ECL na CLISP nazo zitaielewa. Panapohusika SBCL peke yake nitasema.

## Kukata namba vipande vya biti nane

Biti ni tarakimu moja ya 0 au 1, na baiti ya leo ni biti nane. Chombo cha kukatia ni `ldb`. Jina lake limerithiwa kutoka amri ya mashine za PDP-10, ambazo Lisp za miaka ya 1970 ziliendeshwa juu yake kwa wingi. Katika mashine hizo neno moja la kumbukumbu lilikuwa na biti 36, na baiti ilikuwa kipande cha ukubwa wowote ndani ya neno hilo, si lazima biti 8. Ndiyo sababu hadi leo Lisp hukutaka utaje ukubwa wa kipande na mahali kinapoanzia: `(byte 8 0)` ni kipande cha biti 8 kinachoanzia biti ya 0, yaani mwisho wa kulia wa namba, na `(byte 8 8)` ni kipande kinachofuata upande wa kushoto. Tuchukue 1134, ambayo kwa kukadiria ni mita za mwinuko wa uso wa Ziwa Viktoria kutoka usawa wa bahari:

```lisp
(ldb (byte 8 0) 1134)   ; => 110
(ldb (byte 8 8) 1134)   ; => 4
```

Nne mara 256 ni 1024, na ukiongeza 110 unapata 1134. Kilichobaki ni kurudia hatua hiyo kwa kila baiti na kupanga majibu ndani ya safu. Fanksheni ifuatayo haitengenezi safu mpya. Inaandika ndani ya safu uliyoipa, kuanzia mahali ulipopataja, kwa sababu baadaye tutahitaji kuweka namba kadhaa katika rekodi moja.

```lisp
(defun weka-namba (safu mahali namba upana aina)
  (unless (typep namba (list aina (* 8 upana)))
    (error "Namba ~D haienei katika baiti ~D." namba upana))
  (dotimes (i upana safu)
    (setf (aref safu (+ mahali i))
          (ldb (byte 8 (* 8 (- upana i 1))) namba))))

(defun baiti-za (namba upana &optional (aina 'unsigned-byte))
  (weka-namba (make-array upana :element-type '(unsigned-byte 8))
              0 namba upana aina))

(baiti-za 1134 2)    ; => #(4 110)
(baiti-za 1134 4)    ; => #(0 0 4 110)
(baiti-za 70000 3)   ; => #(1 17 112)
(baiti-za 70000 2)   ; Kosa: Namba 70000 haienei katika baiti 2.
```

Mistari miwili inayoanza na `unless` ndiyo iliyokosekana siku ya gunia. `ldb` yenyewe haina jukumu la kukuonya. Ukiiomba biti 16 za chini inakupa biti 16 za chini, na za juu unajua mwenyewe ulikoziacha. Kinachofanya ulinzi uwe mwepesi hapa ni kwamba Lisp ina aina za namba zinazotajwa kwa idadi ya biti, `(unsigned-byte 16)` au `(signed-byte 32)` au nyingine yoyote, na `typep` inaweza kuulizwa aina iliyotungwa papo hapo. Nimewahi kushauriwa kuuondoa ulinzi huu ili programu iende kasi. Siuondoi. Kunyanyua gunia na kuliweka kwenye mizani huchukua muda mrefu mara maelfu kuliko `typep` moja, na taarifa ya kosa inayotokea mbele ya karani wakati gunia bado liko mizanini ina faida kuliko namba ya uongo itakayogunduliwa jioni.

Ikiwa hujui upana wa namba kabla, `(max 1 (ceiling (integer-length namba) 8))` hukupa idadi ndogo kabisa ya baiti zinazotosha namba isiyo hasi. Hiyo `max` ipo kwa ajili ya sifuri, ambayo `integer-length` huihesabu kuwa na biti 0. Kwa namba zinazoweza kuwa hasi, ongeza biti moja ya alama kabla ya kugawanya.

## Baiti ipi itangulie

Sisi tunaposoma namba kwa Kiswahili tunaanza na kubwa: elfu moja mia moja thelathini na nne. Tunapoandika tarehe tunaanza na ndogo: siku, mwezi, kisha mwaka. Njia zote mbili ni sahihi, na hakuna anayechanganyikiwa maadamu anajua anasoma nini. Kompyuta nazo zimegawanyika hivyo hivyo. Itifaki za intaneti hutanguliza baiti kubwa. Vichakataji vya Intel, na simu nyingi zenye ARM kama zinavyotumika kwa kawaida, huhifadhi namba katika kumbukumbu kwa kutanguliza baiti ndogo. Fanksheni yetu inatanguliza kubwa. Anayetaka ndogo itangulie abadili `(* 8 (- upana i 1))` iwe `(* 8 i)`, na 1134 itatoka ikiwa `#(110 4)`.

Kwa faili unalolibuni mwenyewe napendelea kubwa itangulie, kwa sababu ukilichungulia kwa macho namba zinasomeka kama zinavyotamkwa. Kwa faili au kifaa kilichotengenezwa na mwingine huna la kuchagua: soma maelezo yake ufuate. Jambo moja tu nakuomba usilifanye, nalo ni kufungua faili kwa aina ya `(unsigned-byte 16)` au `(unsigned-byte 32)` ili Lisp ikuandikie baiti nyingi kwa mkupuo. Kiwango hakisemi baiti hizo zitapangwaje ndani ya faili, kwa hiyo faili lililoandikwa na Lisp moja huenda lisisomeke na nyingine.

## Kusini mwa Ikweta kila latitudo ni hasi

Miongozo mingi huiahirisha namba hasi hadi mwisho, kana kwamba ni jambo la nadra. Kwetu si nadra. Sehemu ya ziwa iliyo Tanzania yote iko kusini mwa Ikweta, na kwa desturi ya vifaa vya kupima mahali, latitudo ya kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Mji wa Mwanza uko karibu na latitudo -2.5167 na longitudo 32.9. Ukihifadhi latitudo kwa `unsigned-byte`, hakuna mwalo hata mmoja, kuanzia Kirumba hadi Ukerewe, utakaokubaliwa.

Nukta ya desimali tunaiondoa kwanza kwa kuhesabu digrii katika sehemu milioni moja, ili -2.5167 iwe -2516700. Sehemu moja ya milioni ya digrii ya latitudo ni kama sentimita 11, usahihi unaotosha kutofautisha mitumbwi miwili iliyoegeshwa sambamba. Hapa pana mtego ambao haupigi kelele. Lisp, isipoambiwa vinginevyo, husoma 32.9 kama namba ya desimali ya usahihi mmoja, ambayo haina tarakimu za kutosha kwa kazi hii:

```lisp
(round (* 32.9 1000000))     ; => 32900002
(round (* 32.9d0 1000000))   ; => 32900000
(* 329/10 1000000)           ; => 32900000
```

Ile `d0` huomba usahihi maradufu. Njia ya tatu, ya sehemu, ni kamili kabisa, nami huitumia ninaposoma tarakimu kutoka maandishi ya kifaa.

Sasa kuhusu alama. Kwa habari njema, `weka-namba` haihitaji kubadilishwa. Lisp huichukulia namba hasi kana kwamba upande wake wa kushoto una biti za 1 zisizo na mwisho, kwa hiyo `ldb` inapokata biti 32 za chini hukupa moja kwa moja ule umbo ambao kompyuta nyingine zinautarajia, unaolingana na namba hiyo ukijumlisha 2 kwa kipeo cha 32:

```lisp
(baiti-za -2516700 4 'signed-byte)   ; => #(255 217 153 36)
(baiti-za 32900000 4 'signed-byte)   ; => #(1 246 3 160)
```

Wakati wa kurudi ndipo kazi ilipo, kwa kuwa baiti 255 217 153 36 zikiunganishwa bila uangalifu hutoa 4292450596, latitudo isiyokuwepo duniani. Msomaji wa faili sharti aambiwe kwamba namba ile ina alama, kisha aitazame biti ya juu kabisa: ikiwa ni 1, atoe 2 kwa kipeo cha idadi ya biti.

```lisp
(defun toa-namba (safu mahali upana aina)
  (let ((namba 0)
        (biti (* 8 upana)))
    (dotimes (i upana)
      (setf namba (logior (ash namba 8)
                          (aref safu (+ mahali i)))))
    (if (and (eq aina 'signed-byte)
             (logbitp (1- biti) namba))
        (- namba (ash 1 biti))
        namba)))

(toa-namba #(255 217 153 36) 0 4 'signed-byte)   ; => -2516700
```

## Rekodi ya baiti 16

Sasa tuunde rekodi ya upimaji mmoja. Wakati uchukue baiti 4, latitudo 4, longitudo 4, gramu 3, na aina ya samaki 1, ambapo 1 ni dagaa, 2 ni sangara na 3 ni sato. Jumla ni 16. Baiti tatu za gramu zinafika 16777215, yaani zaidi ya tani 16, na sidhani kuna mizani ya mwaloni itakayozidi hapo. Habari hizo hizo zikiandikwa kama mstari wa maandishi wenye mkato kati ya kila namba hufika herufi 36 hivi, na kwa mtu anayetuma kumbukumbu za wiki nzima kutoka kisiwani kwa simu yenye mtandao hafifu, tofauti hiyo inaonekana kwenye salio.

Wakati unahitaji neno moja zaidi. `get-universal-time` huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1900 kwa saa za Greenwich, na hesabu hiyo itajaza baiti 4 mwezi Februari 2036. Ukitoa 2208988800 unapata sekunde tangu 1970, ambazo katika baiti 4 zisizo na alama zinatufikisha mwaka 2106, na pia zinaeleweka na karibu kila programu nyingine.

```lisp
(defconstant +1900-hadi-1970+ 2208988800)

(defun tengeneza-rekodi (wakati latitudo longitudo gramu samaki)
  (let ((r (make-array 16 :element-type '(unsigned-byte 8))))
    (weka-namba r 0 (- wakati +1900-hadi-1970+) 4 'unsigned-byte)
    (weka-namba r 4 latitudo 4 'signed-byte)
    (weka-namba r 8 longitudo 4 'signed-byte)
    (weka-namba r 12 gramu 3 'unsigned-byte)
    (weka-namba r 15 samaki 1 'unsigned-byte)))
```

Unaporudisha wakati kuwa saa ya ukutani, ongeza tena 2208988800 kisha ita `decode-universal-time` ukiipa kanda ya -3, si 3, kwa sababu Common Lisp huhesabu kanda kuelekea magharibi. Jibu la saa likiwa 8, ni saa mbili asubuhi.

Faili lenyewe lianze na kichwa cha baiti 16: nne za utambulisho, moja ya toleo, moja ya ukubwa wa rekodi, na sifuri kwa zilizobaki. Utambulisho wangu ni 77 87 76 79, ambazo ni herufi MWLO katika ASCII. Usikidharau kichwa. Siku utakapoongeza sehemu mpya kwenye rekodi, namba ya toleo ndiyo itakayozuia programu mpya isiyasome mafaili ya zamani vibaya.

```lisp
(defun anzisha-faili (njia)
  (let ((k (make-array 16 :element-type '(unsigned-byte 8)
                          :initial-element 0)))
    (replace k #(77 87 76 79 1 16))
    (with-open-file (faili njia :direction :output
                                :element-type '(unsigned-byte 8)
                                :if-exists :error)
      (write-sequence k faili))))

(defun ongeza-rekodi (njia rekodi)
  (with-open-file (faili njia :direction :output
                              :element-type '(unsigned-byte 8)
                              :if-exists :append
                              :if-does-not-exist :error)
    (write-sequence rekodi faili)
    (finish-output faili)))
```

Ukisahau `:element-type`, Lisp hufungua mkondo wa herufi na kukataa baiti zako. Kosa hilo angalau hujitangaza. Lisilojitangaza ni `:supersede`, ambalo mifano mingi hulitumia kwa mazoea, nalo hufuta faili lililokuwepo na kuweka jipya. Kwa kumbukumbu za mauzo ya watu, `:error` wakati wa kuanzisha na `:append` wakati wa kuongeza ni chaguo la heshima zaidi. Kwa baiti moja moja ipo `write-byte`, lakini rekodi nzima iandikwe kwa `write-sequence` mara moja, na `finish-output` ifuate, kwa sababu umeme unaweza kukatika wakati wowote na baiti zilizokuwa bado ndani ya Lisp hupotea pamoja nao.

## Ukitaka kuweka na jina

Maandishi si namba, ila hatimaye nayo huwa baiti, na Kiswahili hutulaghai hapa kwa wepesi wake. Karibu kila herufi yetu ni baiti moja katika UTF-8, utaratibu wa kuandika herufi kama baiti, kwa hiyo `char-code` (namba ya herufi) kwa kila herufi hufanya kazi kwa miezi kadhaa, hadi aje mtu mwenye jina la Kisukuma linaloanza na Ng’w, lililoandikwa kwa simu iliyogeuza kile kikato kuwa cha kupinda. Kikato kilichonyooka ni 39. Cha kupinda ni 8217, hakienei katika baiti moja, na katika UTF-8 huchukua tatu: 226 128 153. Neno ng’ombe lina herufi 7 kwa macho lakini baiti 9 kwenye faili. Katika SBCL tumia `(sb-ext:string-to-octets jina :external-format :utf-8)`, kisha tanguliza urefu wa safu iliyotoka, wala si urefu wa neno.

## Kusoma na kukagua

```lisp
(defun soma-rekodi (faili)
  (let* ((r (make-array 16 :element-type '(unsigned-byte 8)))
         (idadi (read-sequence r faili)))
    (cond ((= idadi 16) r)
          ((zerop idadi) nil)
          (t (error "Rekodi ya mwisho imekatika: baiti ~D tu." idadi)))))
```

`read-sequence` haitoi kosa faili linapoisha katikati. Hurudisha tu idadi ya nafasi ilizojaza, na zilizobaki huziacha kama zilivyokuwa. Asiyeitazama idadi hiyo atapokea rekodi ambayo nusu ni ya leo na nusu ni masalia ya safu. Kabla ya rekodi ya kwanza, soma kichwa kwa fanksheni hii hii, maana nacho ni baiti 16, na ulinganishe baiti nne za mwanzo na utambulisho.

Kwa kuwa kila rekodi ina ukubwa uleule, rekodi ya 40 inaanzia baiti ya 16 mara 40, kichwa kikiwa kimechukua nafasi ya sifuri, na gramu zake ziko baiti 12 mbele ya hapo. Uzito uliokosewa unaweza kurekebishwa peke yake bila kugusa kitu kingine:

```lisp
(with-open-file (faili "mwalo.dat" :direction :io
                                   :element-type '(unsigned-byte 8)
                                   :if-exists :overwrite)
  (file-position faili (+ (* 16 40) 12))
  (write-sequence (baiti-za 70000 3) faili))
```

Kisha toka nje ya Lisp na ulikague faili kwa chombo kisichojua lolote kuhusu programu yako, kwa sababu fanksheni mbili zilizoandikwa na mtu mmoja zinaweza kukubaliana katika kosa lilelile:

```
$ od -An -t u1 -j 652 -N 3 mwalo.dat
   1  17 112
```

Moja mara 65536, kumi na saba mara 256, na mia moja na kumi na mbili: gramu 70000.